Faili la Meneja

Nikiri mapema kabla hamjanibana: aliyeharibu ni mimi. Mdomo wangu ulitulia, hilo nipeni. Niliombwa ninyamaze nikanyamaza, hata mke wangu sikumwambia, na mke wangu huwa ananitoa maneno kama mtu anayetoa mwiba kwa pini, taratibu, huku anaimba. Kilichoharibu ni mkono. Mkono huu umesomea diploma ya afya ya mifugo miaka mitatu, na mwalimu wetu wa mwaka wa pili alikuwa na wimbo mmoja tu: kisichoandikwa hakijatokea. Basi mkono ukaandika. Ukaandika kwa wino mwekundu, ukapiga na mstari chini, ukarudisha kalamu mfukoni, na mimi nikaenda kunywa chai nikijiona mtu wa maana.

Sasa tulieni niwaambie ilivyokuwa.

Kliniki yetu ya wanyama iko ghorofa ya chini, katikati ya duka la rangi na ofisi ya wakili. Tuko wawili. Yupo Daktari, mwenye digrii, miaka thelathini na sita, mrefu, mikono mikubwa yenye alama za makucha kama ramani ya reli. Na nipo mimi, ninayemshikia mbwa ili asing'atwe. Yeye ananiita Diploma. Alianza kwa utani, siku hizi hata wakili wa jirani ananiita hivyo, na mke wangu akinikasirikia pia.

Daktari alikutana na Fundi, dada mtengeneza miwani, kwenye ofisi ya vitambulisho, Jumatatu asubuhi, watu mia mbili, viti thelathini, feni moja inayozunguka kama inafikiria kustaafu. Sikuwepo. Daktari amenisimulia mara nne, na kila mara blauzi ya yule dada inazidi kung'aa. Fundi mwenyewe alinisimulia mara moja tu, kwa ufupi. Mimi nimechukua katikati.

Fundi alikuwa namba themanini na tatu, Daktari themanini na nne. Blauzi ya rangi ya chungwa, sketi nyeusi iliyopigwa pasi ikakubali, miwani ya fremu nyekundu, maana kazi yake ni kukata lenzi na kuziweka kwenye fremu. Begani kaning'iniza begi kubwa la turubai. Na begi lilikuwa linalia.

"Dada," mama mmoja aliyekuwa amekaa akamwambia, "mtoto wako atakosa hewa humo."

"Si mtoto, mama."

"Mimi nimezaa sita. Sauti ya mtoto utanifundisha wewe?"

Foleni nzima ikageuka. Mlinzi akaja huku akiuvuta mkanda upande juu ya kitambi. "Fungua hilo begi."

"Nikifungua atakimbia, na ninyi nyote mtamkimbiza."

Hapo namba themanini na nne akasafisha koo. "Afande, huyo ni paka jike. Hewa anayo. Asichokuwa nacho ni mume."

Watu wakacheka. Fundi akageuka taratibu, akamkagua kuanzia viatu kupanda juu.

"Na wewe umezijuaje shida za nyumba ya watu?"

"Sauti hiyo naisikia kila siku. Yuko kwenye joto. Anajigaragaza sakafuni?"

"Tangu Ijumaa. Nikimwacha nyumbani, majirani wanagonga mlango."

"Ukimshika mgongo anainua makalio, mkia anauweka pembeni?"

Fundi akatazama kulia na kushoto. "Kaka, tuko mbele za watu."

"Samahani. Mimi ni daktari wa wanyama."

"Ndivyo wanavyosema wote," akajibu, na hapo hata mlinzi akacheka.

Walikaa kwenye foleni saa tatu nzima. Walipofika dirishani, wote wawili walikuwa wamesahau fomu zao zimejazwa au la.

Alhamisi akaja kliniki. Mimi ndiye niliyempa fomu ya kujaza. Jina la mnyama: Meneja.

"Kwa nini Meneja?" nikamuuliza.

"Anakaa juu ya meza ananitazama nafanya kazi. Yeye hafanyi kitu, lakini nikisimama ananikasirikia."

Nikampenda pale pale, kama baba. Alikuwa anaandika haraka, mwandiko safi, mpaka akafika mstari wa nane: dawa zinazotumiwa na watu wa nyumbani. Kalamu ikasimama.

"Na hii ya nini?"

"Paka wanalamba kila kitu. Andika tu," nikamwambia, na nikaongeza utani wangu wa kila siku, ule ninaowaambia wote wanaosita kwenye mstari wa nane. "Mficha uchi hazai."

Akatabasamu. Akaandika: hakuna.

Sipendi hadithi za kuvizia, kwa hiyo nitawaambia sasa hivi jambo ambalo mimi nilikuja kulijua kama miezi miwili baadaye. Miaka minne kabla ya siku ile, Fundi alifanyiwa upasuaji. Uvimbe. Walitoa kizazi na vifuko vyote viwili vya mayai, akiwa na miaka ishirini na saba. Tangu hapo, kila asubuhi alikuwa anapaka jeli ya homoni mikononi, kuanzia kiwiko kupanda juu, ili mwili usizeeke kabla ya wakati wake. Alikuwa na mchumba wakati ule. Mchumba alipata habari kutoka kwa binamu, akaondoka kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili, na mstari wa pili ulikuwa pole.

Baada ya hapo Fundi alijiwekea sharti moja. Mwanaume mwingine akija, atamwambia mwenyewe, kwa mdomo wake, amekaa mbele yake mchana kweupe, anamtazama usoni. Alisema uso wa mtu hauwezi kudanganya ile sekunde ya kwanza. Hiyo sekunde aliitaka. Vingine vyote angevumilia.

Basi. Daktari alimtoa Meneja kizazi vizuri, kazi safi, nyuzi sita. Na simu zikaanza.

"Daktari, mgonjwa anakataa kola ya shingoni."

"Mgonjwa au mwenye mgonjwa?"

"Anagonga ukuta. Anatembea kinyumenyume kama gari la taka."

"Mwambie ni siku kumi tu."

"Nimemwambia. Anasema anataka kuongea na mkubwa wako."

"Mkubwa wangu ni Diploma. Yuko hapa anakula karanga."

Nilikuwa nakula karanga, ni kweli. Simu ya pili ikawa ya kuuliza kidonda, ya tatu kuuliza kama Daktari amekula, ya nne haikuwa na paka kabisa. Fundi akawa anamwita Daktari wa Mbuzi. Daktari alimwita Fundi wangu, kisha mpenzi, kisha siku moja nikamsikia anasema "roho yangu" huku amemshika kasuku kwa mkono mwingine, na kasuku akalidaka lile neno. Yule kasuku mpaka leo anamwita mwenye nyumba wake hivyo, na mke wa mwenye nyumba hajaelewa.

Jumamosi walikuwa wanakutana kwenye mgahawa juu ya duka la vitabu, meza ya dirishani. Fundi alimtengenezea miwani ya kusomea, akamvalisha mwenyewe, akarudi nyuma hatua mbili kuangalia kama imekaa sawa.

"Unafanana na mwalimu mkuu," akamwambia.

"Wa shule gani?"

"Ile wanayofeli wote."

"Wanangu hawatafeli," Daktari akasema. "Watano, na wote na akili zako. Nataka nyumba yenye kelele, mpenzi. Mimi nimekua peke yangu, nilikuwa nacheza karata na ukuta, na ukuta unanishinda."

Fundi akaivua ile miwani usoni pa Daktari, akaanza kuifuta kwa kitambaa. Ilikuwa safi. Akaifuta tu. Alikuwa amekuja siku ile amejiandaa kusema. Akajiambia wiki ijayo.

Wiki tatu baada ya upasuaji, Meneja akaanza tena. Kulia, kujigaragaza, kuinua makalio, kumtongoza mguu wa meza. Nyumba nzima ya ghorofa nne ikawa inamjua.

"Siku za mwanzo nisingeshtuka," Daktari akaniambia. "Homoni zinachukua muda kwisha. Lakini wiki tatu?" Akakaa kwenye kiti cha wateja, mtu mzima, amejishika kichwa. "Diploma, nimeacha kipande."

Inatokea. Kipande kidogo cha kifuko cha mayai, kama punje ya mtama, kikibaki ndani kinaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Tukachukua ute, tukaweka kwenye hadubini, na kweli, seli zilikuwa zile zile za joto. Paka asiye na kizazi yuko kwenye joto. Daktari hakula siku ile. Kumkosea mteja ni aibu, na huyu hakuwa mteja tena.

"Niruhusu nimfungue mara ya pili," akamwomba Fundi kwenye simu. "Kosa ni langu."

"Hakuna njia nyingine?"

"Sioni nyingine."

Akaruhusu. Aliniapia baadaye kwamba hakujua. Nani angemfundisha kwamba jeli ya mikononi kwake inaweza kumwamsha paka? Yeye kila asubuhi alikuwa anapaka, anakaa na kikombe cha chai, na Meneja anapanda mapajani na kumlamba mikono. Alidhani ni mapenzi.

Siku ya upasuaji wa pili alikaa nami mapokezi, gauni la bluu, vidole vimekunja mkono wa begi. Daktari alipekua tumboni mwa Meneja kwa karibu saa mbili. Alitoka jasho limeloanisha kofia.

"Hakuna kitu," akasema. "Nimepita kila mahali. Hakuna hata punje."

Fundi akasimama, akamkumbatia na damu yake na kila kitu, na mimi nikatoka nje kwenda kuangalia rangi za jirani. Nilijua nimeshapata shughuli ya harusi. Niliwaza hata suti.

Wiki mbili baadaye Meneja akalia tena.

Ilikuwa Jumatano. Daktari alikuwa ametoka kwenda kumtazama farasi. Mimi nikabaki nimekaa na daftari langu la chuo, lile lenye jalada la kijani ambalo mke wangu ameshalitupa mara mbili. Ukurasa wa mwisho wa somo la uzazi, kwa mwandiko wangu wa ujana, kulikuwa na mstari mmoja: joto kwa jike aliyetolewa kizazi, uliza dawa za binadamu, krimu, jeli. Nikahisi nywele zinasimama, zile zilizobaki. Nikaweka faili la Meneja mbele yangu, nikashika kalamu, nikapiga simu.

"Dada, swali la kijinga. Hapo nyumbani kuna mtu anayepaka jeli au krimu ya homoni?"

Nikasikia mashine ya kukata lenzi inazimwa.

"Mzee Diploma," akasema, "kwa nini unauliza?"

Nikamweleza. Akaanza kuongea, polepole, mpaka mwisho: uvimbe, upasuaji, mwaka, jeli, kila asubuhi. Na mkono wangu, mkono huu, ukawa unaandika. Mwenye paka anatumia jeli ya homoni, mikononi, miaka minne, tangu alipotolewa kizazi na vifuko vyote viwili. Mstari chini. Sikumbuki hata nikiandika. Ni kama mtu anavyofumba macho akipiga chafya.

"Basi ni mimi," akasema. "Amepasuliwa mara ya pili kwa sababu yangu. Niliandika hakuna."

"Hukujua, mwanangu."

"Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe Jumamosi. Nimeshalichelewesha vya kutosha, lakini liwe langu. Nataka nimtazame usoni."

"Simwambii. Kaburi."

Nikafunga faili, nikalirudisha kabatini, nikaenda kunywa chai.

Daktari alirudi saa tisa. Alikuwa ameamua kumwandikia mhadhiri wake wa zamani kuomba ushauri, kwa hiyo akalitoa faili la Meneja ili aandike historia ya ugonjwa. Mimi nilikuwa namkata kucha sungura. Niliposikia mlango wa kabati, sikushtuka. Nilishtuka niliposikia hakuna kinachofuata.

Alikuwa amesimama, faili mkononi, miwani ya kusomea puani.

"Hii umeandika lini?"

Sungura akanitoroka. Nilifungua mdomo nikakuta sina cha kusema ambacho hakikuwa tayari kwenye karatasi.

"Daktari," nikasema mwishowe, "jifanye hujaona. Mpigie kama kawaida. Mpaka Jumamosi tu."

Akaitikia kwa kichwa. Na alijaribu, nisimsingizie. Ila yule mtu hajui kuigiza. Alhamisi nilimsikia.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula. Meneja?"

"Analia."

"Haya."

"Haya tu, Daktari wa Mbuzi?"

"Nina mgonjwa, nitakupigia."

Mgonjwa hakuwepo. Kulikuwa na mimi. Hakupiga tena siku ile, na Ijumaa hakupiga kabisa. Upande wa pili Fundi alikuwa anaitazama simu kati ya lenzi na lenzi, anajiambia kazi zimembana, huku anafanya mazoezi ya maneno yake mbele ya kioo cha wateja.

Jumamosi alivaa gauni jeupe lenye vitone vya bluu na viatu alivyokuwa anavitunza. Daktari alikuwa amenyoa, na shati lilikuwa na mikunjo ya dukani. Walikaa meza ile ile. Fundi akasogeza kikombe pembeni ili kitu chochote kisikae kati yao, akashika mikono ya Daktari yote miwili.

"Nina jambo," akasema. "Usinikatize. Miaka minne iliyopita niliumwa..."

Na akaona. Macho ya Daktari yalikuwa tayari yamelowa. Yalikuwa yamelowa tangu neno la kwanza.

Fundi akaachia mikono. "Unajua."

"Mpenzi..."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliona kwenye faili."

"Faili gani?"

"La Meneja."

"Tangu lini?"

"Jumatano."

Akahesabu. Mkata lenzi ni mtu wa vipimo. "Jumatano," akasema. "Alhamisi ukaniambia haya. Ijumaa hukupiga. Basi nimeshaona uso wako, Daktari. Nilikuwa nauona siku tatu, sikujua ndio huo."

"Haikuwa hivyo. Nilikuwa nawaza. Nilikuwa na hasira pia, sitakuficha, nimempasua yule mnyama bure kwa sababu ya neno moja kwenye fomu. Ungesema tu."

"Ningesema kwa mtu ambaye tumefahamiana siku tatu? Kwenye kaunta?"

"Si siku ile. Baadaye. Nilikupa nafasi ngapi?"

"Ulinipa watoto watano," Fundi akasema. "Kila nilipofungua mdomo uliongeza mmoja."

Hapo Daktari akainamisha kichwa. Angeweza kudanganya, na mwanaume mwingine angedanganya, na pengine leo ningekuwa nawasimulia habari za suti yangu. Alisema, "Siku mbili hizi nilikuwa nawaaga. Najua ni ujinga, hawapo. Lakini nilikuwa nawaaga, na sikutaka unisikie nikiwa nawaaga."

Fundi akalia, bila sauti, akavua miwani kwanza ili isichafuke. Alimpenda zaidi kwa neno lile kuliko kwa yote aliyowahi kumwambia. Akainuka, akachukua mkoba.

"Uliona kuwa ni msiba wako peke yako," akasema. "Mimi nilikuja na wangu hapa, nimeuvalisha gauni."

Jumatatu alinipigia simu. "Mzee Diploma, uliniahidi."

"Sikusema hata neno, dada."

"Najua. Uliandika."

"Ndio utaratibu."

"Najua ni utaratibu," akasema, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Niambie nimfanyeje Meneja."

Nikamwambia. Jeli aipake mahali paka hafiki, nyonga, anawe mikono, avae mikono mirefu mpaka ikauke, na asimpakate asubuhi kabla ya kwenda kazini. Wiki tatu baadaye Meneja alinyamaza kama ofisi Ijumaa mchana. Amelala, amenenepa, ametulia. Ugonjwa wote ulipona. Ningeweza kuandika hilo nalo kwenye faili, na niliandika.

Daktari alingoja mwezi mmoja. Kisha, saa nne asubuhi, akavaa suti aliyoivaa siku ya kuhitimu, imembana mabegani, akaenda dukani kwake. Fundi alikuwa kwenye mashine, koti jeupe, vumbi la lenzi limemkaa kwenye nyusi. Wateja wawili walikuwa wanajaribu fremu. Daktari akaweka kisanduku kidogo juu ya meza ya kioo, kati ya fremu za watu.

"Sitaki mtu mwingine," akasema. "Nimewaza siku thelathini. Nataka wewe, na jeli yako, na paka wako mwenye kiburi. Kama ni watoto, wapo wasio na mtu, tutalea. Kama hutaki, tutacheza karata."

Wateja wakajifanya wanajitazama kwenye kioo.

Fundi alikitazama kile kisanduku bila kukigusa. "Nikikuuliza kitu, utanijibu kweli?"

"Nimewahi kushindwa?"

"Hapana. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Ukiwa peke yako, ukikaa kimya, wale watano bado wanakuja?"

Daktari angeweza kusema hapana. Neno fupi. Nimemlaumu kwa neno hilo mara nyingi, na kila nikimlaumu nampenda.

"Wanakuja," akasema. "Lakini wanapungua."

"Wangu pia wanakuja. Miaka minne. Mmoja nilimpa jina." Akafuta vumbi kwenye nyusi kwa mkono wa koti. "Siwezi kuwa nakutazama kila asubuhi mezani kuona kama leo wamepungua. Nitakuwa nakutazama hivyo, najijua. Nitakukagua kama lenzi. Mwisho utanichukia, na wewe hujui kuficha."

"Nipe muda."

"Muda ninao. Kisichokuwepo ni namna ya kutojua." Akakisogeza kile kisanduku kwake, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu dhaifu. "Nenda, mpenzi wangu. Suti inakubana."

Kile kisanduku kipo kwenye droo ya sindano. Hakuna anayekigusa.

Leo asubuhi Fundi amekuja kliniki. Amepata kazi kwenye mji mwingine, siku nzima kwa basi, na wenye basi hawapakii mnyama bila cheti cha afya. Kavaa suruali ya jinzi na sweta ya kijivu, mikono mirefu mpaka kwenye vidole. Meneja kwenye begi lile lile, hatoi hata sauti.

"Basi linaondoka saa tatu," akaniambia. "Nilitaka kwenda kliniki nyingine. Wanataka historia yake, na historia yake iko hapa."

"Kaa, mwanangu."

Nikajaza cheti. Jinsia: jike, ametolewa kizazi. Chanjo: kamili. Hali: mzima. Mimi naruhusiwa kujaza kila mstari isipokuwa wa mwisho. Wa mwisho unataka digrii.

Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Alisikia sauti ya Fundi mlangoni, nilimwona akisikia, akiwa na kopo la pamba mkononi. Akarudi nyuma, akafunga mlango. Nikagonga kwa kidole.

"Daktari, kuna cheti cha kusafiri. Saini tu."

Nikasubiri, nikagonga tena.

"Daktari, dada wa watu anachelewa basi."

Nikasikia kiti kikivutwa, kikasimama, na hakuna hatua zilizofuata. Nilielewa. Bila saini paka haondoki, na bila paka yeye haondoki. Mtu mwenye digrii yake, ameshikilia mlango kwa nusu saa ya mwisho iliyobaki, na anajua kama mimi ninavyojua kwamba kuna kliniki nyingine tatu barabarani na basi lingine kesho.

Nikarudi mapokezi. Fundi alikuwa amekaa wima, begi mapajani, anautazama ule mlango. Alikuwa ameelewa pia.

"Mwite wewe," nikamwambia taratibu. "Kwako atafungua."

Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akaweka kiganja juu ya begi, na Meneja ndani akajigeuza.

Saa ya ukutani ikasogea. Jirani wa duka la rangi akafungua mlango wake wa chuma. Nikasimama katikati ya chumba, cheti mkononi, wino wa mistari yangu bado haujakauka vizuri, mtu mzima mwenye diploma, huku mlango, huku yeye. Nikasema kwa sauti ambayo wote wawili wangeisikia:

"Mmoja wenu aseme kitu."

Hakuna aliyesema. Nikangoja, nikarudia, safari hii sauti yangu mwenyewe sikuitambua:

"Jamani, nawaomba. Mmoja wenu tu aseme kitu."